UTEP Miners: timu ya chuo cha Texas iliyobebwa na miguu ya Afrika Mashariki. Tupeane yasiyojulikana

#1 Mnyika_wa_Hanang
Wakuu, habari za jioni.

Kuna chuo kikuu kipo El Paso, Texas, mpakani kabisa. Ukivuka mto tu uko Ciudad Juárez, Mexico. Chuo chenyewe ni UTEP, yaani University of Texas at El Paso. Kilianza 1914 kama shule ya madini, ndiyo maana timu zake zote zinaitwa Miners, wachimba madini. Mmarekani ukimtajia jina hilo atakusimulia ubingwa wa mpira wa kikapu wa mwaka 1966. Hakosei, ila tuhesabu.

Chuo kina mataji 21 ya ubingwa wa vyuo vya Marekani, NCAA. La kikapu ni moja. Mengine 20 yote ni riadha: 7 ya mbio za nyika, 7 ya riadha ya ndani ya ukumbi, 6 ya uwanja wa wazi. Na kuanzia katikati ya miaka ya sabini hadi 1982, kwenye mbio ndefu uti wa mgongo wa timu ile walikuwa Wakenya na Watanzania. Suleiman Nyambui, Gidamis Shahanga, Zakaria Barie, Michael Musyoki, James Munyala, Wilson Waigwa.

Ninachodai mimi: hakuna timu ya chuo cha nje iliyoifaa riadha ya Tanzania kama hii, na sisi wenyewe hatuisemi. Na swali: kwa nini El Paso? Mji wa jangwani, mbali na kila kitu. Kwa nini wasiende New York au California? Mwenye chochote aweke hapa.

#2 Kipanga_Pwani
Naweka kambi. Wenye takwimu njooni.

#3 Mwanamajita
Asante mleta uzi, umenigusa. Nyambui ni wa kwetu Majita, pale ukingoni mwa ziwa, mkoa wa Mara. Kazaliwa 1953.

Watu wengi wanaijua fedha ya Moscow. Tarehe 1 Agosti 1980, fainali ya mita 5,000, Miruts Yifter wa Ethiopia kwa 13:20.91, Nyambui nyuma yake kwa 13:21.60. Siku moja kabla, Filbert Bayi naye alikuwa amechukua fedha kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Tangu nchi ianze kwenda Olimpiki medali ni hizo mbili tu.

Lisilosemwa ni kwamba Nyambui siku ile alikuwa mwanafunzi. Alitoka darasani El Paso akaenda Moscow, akarudi darasani. Mita 10,000 ya vyuo aliishinda miaka minne mfululizo: 1979, 1980, 1981, 1982. Nyika ya 1980 akaishinda. Ukiongeza mita 5,000 na mbio za ndani unapata mataji binafsi 15 ya NCAA. Kwa zaidi ya miaka 30 hakuna mwanaume aliyeifikia hesabu hiyo kwenye riadha ya vyuo vya Marekani.

#4 Kamba_Express
Mwanamajita #3 malizia hadithi basi. Aliyemvuka ni Edward Cheserek wa chuo cha Oregon, mataji 17. Mkenya. Hata rekodi zenu tunawavunjia sisi majirani.

#5 Mwanamajita
Mlihitaji miaka zaidi ya 30 na mtu mmoja aliyezaliwa baada ya Nyambui kustaafu. Tunawapongeza.

#6 Kilimani254
Haha, twende taratibu. Mimi naona orodha ya mleta uzi ina pengo. Mmemsahau Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia 1978. Naye si alikuwa kundi hilohilo la El Paso?

#7 Takwimu_Tu
Hapana mkuu #6. Rono alikuwa Washington State, mji wa Pullman, kaskazini magharibi mwa Marekani, chini ya kocha John Chaplin. Huko ndiko alikokuwa Samson Kimobwa pia, yule aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 Helsinki 1977 kwa 27:30.5. Mwaka uliofuata Rono akaiteremsha hadi 27:22.4.

Rekodi nne za Rono mwaka 1978 ni hizi: mita 5,000 kwa 13:08.4, kuruka viunzi na maji kwa 8:05.4, mita 10,000 kwa 27:22.4, mita 3,000 kwa 7:32.1. Zote ndani ya siku 81.

Washington State na UTEP walikuwa wapinzani wa kufa na kupona. Rono alishinda nyika ya vyuo kama mtu binafsi 1976, 1977 na 1979. Ila tazama ubingwa wa timu: UTEP 1975, 1976, 1978, 1979, 1980, 1981. Yaani Rono anaweza kukushinda yeye, na bado kombe likaenda El Paso, kwa sababu nyika inahesabu watu watano wa kwanza wa kila timu.

#8 MamaRiadha
Hapo kwenye kuhesabu nataka niongeze, maana wengi hawaelewi nyika ya vyuo inavyohesabiwa. Timu inapeleka wakimbiaji saba, wanaohesabiwa ni watano wa mwanzo. Nafasi uliyomaliza ndiyo pointi yako, na pointi chache ndiyo ushindi. Kamili kabisa ni 15, yaani wa kwanza hadi wa tano wote wako.

Mwaka 1981 UTEP walipata 17. Kumi na saba! Timu ya pili ilikuwa na zaidi ya mia. Haijawahi kushushwa tena kwenye fainali ya daraja la kwanza. Mimi hufundisha watoto riadha shule ya msingi, nikiwaeleza hesabu hiyo wanadhani natania, wanarudia kujumlisha wenyewe ubaoni.

#9 Mnyika_wa_Hanang
Asante mama #8, na mshindi wa siku ile ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Matthews Motshwarateu, kijana wa Afrika Kusini.

Fikirini. Afrika Kusini wakati ule imefungiwa michezo ya kimataifa kwa sababu ya ubaguzi. Dar es Salaam ndiyo makao ya kamati ya ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika. Pasipoti ya Tanzania ilikuwa haikuruhusu kwenda kule. Halafu huku jangwani Texas, Mtanzania na Mwafrika Kusini mweusi wamevaa fulana moja ya rangi ya machungwa, wanasukumana kilomita kumi kwa ajili ya chuo kimoja. Yule kijana hakuwa na Olimpiki ya kwenda. Nyika ya vyuo ndiyo iliyokuwa Olimpiki yake.

#10 Mwl_Mstaafu
Umenikumbusha jambo jingine mdogo wangu #9, la karibu zaidi na sisi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mwaka huohuo, ukafunguliwa 1983. Nilikuwa nafundisha Tarime, nayakumbuka. Mtu alikuwa na shangazi yake Migori hawezi kwenda kumzika bila kupita njia za panya. Redio zilikuwa zinatupiana maneno kila jioni, huku wanaitwa manyang'au, watu wanaokulana, kule tunaitwa watu wasio na cha kula.

Sasa linganisha tarehe. Ubingwa wa UTEP wa 1978, 1979, 1980, 1981, 1982, wote umeangukia ndani ya miaka ileile ya mpaka kufungwa. Nyambui na Shahanga upande mmoja, Musyoki na wenzake upande mwingine, timu moja, na nina hakika lugha waliyokuwa wakiitumia mazoezini ni Kiswahili. Jumuiya ilikuwa imehamia Texas.

#11 Kipanga_Pwani
Mwalimu #10 shikamoo. Hiyo sikuwahi kuiwaza kabisa.

#12 Kamba_Express
Shikamoo mwalimu. Kweli tupu.

Mwaka 1980 Kenya ilisusia Moscow, Tanzania ikaenda. Kwa hiyo Nyambui anaondoka kwenda kutafuta medali, Musyoki (jina la Ukambani hilo, mnisamehe nikijivuna) anabaki. Tena 1976 Afrika ilisusia Montreal kwa sababu ya New Zealand na mchezo wao wa raga Afrika Kusini, nchi zote mbili zikakosa. Munyala alikuwa bingwa wa vyuo wa kuruka viunzi na maji 1975, 1976 na 1977, miaka yake mizuri kabisa, na Olimpiki imempita.

Musyoki alisubiri hadi Los Angeles 1984, mita 10,000. Alimaliza wa nne. Martti Vainio wa Finland aliyekuwa wa pili akakutwa na dawa, akaondolewa, Musyoki akapandishwa hadi shaba. Watu wanasema Kenya 1984 ilipata dhahabu ya Julius Korir kwenye viunzi, wanasahau shaba ya Musyoki kwa sababu hawakumwona jukwaani.

#13 Shabiki_wa_Kikapu
Wakuu mnaipita 1966 haraka mno. Bila 1966 hakuna Nyambui El Paso.

Chuo wakati huo kikiitwa Texas Western. Tarehe 19 Machi 1966, fainali ya NCAA, College Park, Maryland. Kocha Don Haskins anaanzisha weusi watano mbele ya Kentucky ya Adolph Rupp, timu ya weupe watupu, Pat Riley akiwemo. Matokeo 72 kwa 65. Bobby Joe Hill pointi 20. Ndiyo timu ya kwanza ya weusi kucheza kikapu cha vyuo hadi fainali.

Lisilojulikana: wakati wa kukata nyavu, desturi yao ya ubingwa, hakuna aliyeleta ngazi. Willie Worsley, mfupi wao, akapandishwa mabegani mwa Nevil Shed ndipo akakata.

#14 Takwimu_Tu
#13 rekebisha hapo kwenye "timu ya kwanza ya weusi". San Francisco ilishinda 1955 na 1956 ikiwa na Bill Russell na K.C. Jones. Loyola ya Chicago ilishinda 1963 ikianzisha weusi wanne. Upya wa Texas Western ni wote watano kuanza kwenye fainali, tena na siku ile waliocheza kwa upande wao ni weusi saba peke yao. Weupe walikuwepo kwenye timu, walikaa benchi usiku ule.

Na ile filamu ya 2006 kuhusu timu hiyo, Glory Road, imewadanganya wengi kwamba Haskins alibeba kombe mwaka wake wa kwanza. Alifika 1961. Mwaka 1964 mchezaji wake Jim Barnes alichaguliwa na timu ya kulipwa ya New York Knicks, namba moja kati ya vijana wote wa vyuo. Timu haikutoka mbinguni.

#15 Shabiki_wa_Kikapu
Sawa, wanne Loyola, watano sisi. Bado hoja yangu inasimama.

Na kombe nusura liwaponyoke njiani. Robo fainali na Kansas ilienda nyongeza mara mbili, 81 kwa 80. Mwisho wa nyongeza ya kwanza Jo Jo White wa Kansas alifunga lililokuwa la ushindi, mwamuzi akasema mguu umekanyaga mstari wa pembeni. Nusu ya mguu tu, historia ya kikapu cha Marekani ingekuwa nyingine.

Kwa hiyo jibu la swali la mleta uzi: chuo kile kilishazoea watu weusi. Mchezaji wa kwanza mweusi, Charlie Brown, aliingia 1956, wakati vyuo vingi vya kusini vilikuwa bado vimefunga milango. Kijana wa Kiafrika akifika 1974 anakuta njia imeshakanyagwa.

#16 Chalinze_Mjanja
Sikubaliani kabisa na #15. Mnapaka rangi. Someni habari za Bob Beamon.

Beamon alikuwa mwanariadha wa chuo hichohicho. Aprili 1968 yeye na wenzake weusi walikataa kushindana na Brigham Young, chuo cha Wamormoni, kwa sababu ya msimamo wa kanisa lile kuhusu watu weusi. Wakasimamishwa kwenye timu, akabaki bila kocha wa chuo, akasaidiwa na Ralph Boston, mpinzani wake mwenyewe. Miezi michache baadaye, tarehe 18 Oktoba, Mexico City, akaruka mita 8.90. Rekodi ya dunia ikasogea sentimita 55 kwa mruko mmoja. Ilikaa hadi 1991.

Mwaka huohuo jarida la Sports Illustrated liliandika mfululizo kuhusu mwanamichezo mweusi Marekani, na El Paso ilianikwa vibaya. Miaka miwili tu baada ya kombe la Haskins! Kwa hiyo hicho kinachoitwa kuzoea watu weusi, tukiseme kwa kipimo chake.

#17 Shabiki_wa_Kikapu
#16 hujanipinga, umeongeza. Mlango ulifunguliwa 1956, waliopita waliumia. Yote mawili ni kweli.

#18 Mjomba_wa_Houston
Salaam wote. Mimi niko Texas muda mrefu, El Paso nimefika mara nyingi kwa kazi ya malori. Nielezee mahali penyewe.

Kwanza majengo. Chuo kizima kimejengwa kwa mtindo wa Bhutan, ile nchi ndogo ya milima ya Himalaya. Kuta nene zinazoinamia ndani, paa pana, michoro ya rangi chini ya paa. Jengo la mwanzo liliungua 1916, mke wa mkuu wa shule alikuwa ameona picha za Bhutan kwenye jarida la National Geographic la 1914, akasema milima ya hapa inafanana na ile, jengeni hivyo. Wakajenga 1917 na hawajaacha hadi leo. Kuna hata hekalu la Bhutan la kweli chuoni, lilijengwa na mafundi wa Bhutan kwa ajili ya tamasha la Washington 2008, likahamishiwa El Paso.

Uwanja wa Sun Bowl umechimbwa katikati ya vilima, na mlimani kuna herufi M kubwa nyeupe. Jua karibu mwaka mzima. Hewa kavu. Mvua ni ya kubahatisha.

Nami jibu langu ni hilo: hali ya hewa. Pullman ya Rono theluji inafika magotini. Mtu wa Singida au Hanang akiletwa El Paso anaona vumbi, miiba, mlima, jua. Anavua viatu vya safari anakimbia siku hiyohiyo.

#19 Mbio_Ndefu
Ongeza mwinuko mkuu #18. El Paso iko juu, hewa nyembamba, ndiyo maana waliendelea kuwa na nguvu.

#20 Takwimu_Tu
Mwinuko wa El Paso ni kama mita 1,140. Iten ni 2,400. Hata Nairobi inakaribia 1,800. Kwa mtu wa Bonde la Ufa, kwenda El Paso ni kushuka.

Mnajua ni wapi kunalingana na El Paso? Ziwa Victoria. Usawa wa maji yake ni mita 1,134 au karibu na hapo. Kwa hiyo Nyambui wa Majita alitoka ukingo wa ziwa akaenda jangwani bila kupanda wala kushuka.

Mwinuko huo ulisaidia wakimbiaji wa mbio fupi zaidi. Obadele Thompson wa Barbados, mwanafunzi wa UTEP, alikimbia mita 100 kwa 9.69 palepale El Paso Aprili 1996. Haikuhesabiwa kwa sababu upepo wa mgongoni ulikuwa zaidi ya mita 5 kwa sekunde, na kikomo ni mita 2. Miaka minne baadaye alichukua shaba ya Sydney kwa halali.

#21 Mwanamajita
Hiyo ya ziwa na El Paso naiandika ukutani.

#22 Mbio_Ndefu
Lakini mji ukiwa mita 1,140 milima ya Franklin iko pembeni, wanaweza kupanda juu kufanya mazoezi. Sijaiacha hoja yangu.

#23 MamaRiadha
Mimi nadhani jibu lina jina la mtu: kocha Ted Banks. Yeye ndiye aliyekuwa na timu kwenye ile miaka ya mavuno. Kocha wa chuo kidogo hawezi kushindana na California kumpata kijana bora wa Kimarekani. Kijana wa Los Angeles anataka pwani. Basi unatafuta pale ambapo wenzako hawajatazama. Ukimpata mmoja akafurahi, anaandika barua nyumbani. Munyala na Waigwa walitangulia, wengine wakafuata. Mtanzania akisikia kuna Wakenya anajua atapata wa kuongea naye na wa kupika naye ugali.

#24 Chalinze_Mjanja
Mama nakuheshimu, ila barua pekee haimtoi mtu Tanzania ya miaka ya sabini. Wakati wa Nyerere pasipoti ilikuwa shughuli, fedha za kigeni ndiyo usiseme. Lazima serikali ilikubali. Shahanga alishinda dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola Edmonton 1978 kabla hajawa mtu wa El Paso. Huyo ni mali ya taifa, hatoki kwa barua ya rafiki.

#25 Mnyika_wa_Hanang
Na 1982 Brisbane, Michezo ya Madola, mita 10,000: dhahabu Shahanga, fedha Barie. Watanzania wawili, wote wa El Paso. Barie mwaka uliofuata akashinda nyika ya vyuo.

Wote wawili ni watu wa ukanda wetu wa Hanang na Mbulu, udongo uleule uliomtoa Bayi. Ukiwauliza vijana wa Katesh leo Zakaria Barie ni nani, wengine watakwambia ni jina la basi. Inaniuma, ndiyo sababu nimefungua uzi huu.

#26 Kijana_wa_Musoma
Brisbane hiyohiyo Juma Ikangaa alipata fedha ya marathoni, naye alikuwa UTEP?

#27 Takwimu_Tu
Ikangaa hapana. Ni mwanajeshi wa JWTZ, alikulia kwenye mazoezi ya nyumbani. Brisbane alikuwa wa pili nyuma ya Robert de Castella wa Australia, na 1989 akashinda New York kwa 2:08:01. Huyo ni ushahidi kwamba njia ya jeshi ilikuwa inafanya kazi pia.

#28 Mwl_Mstaafu
Hapo ndipo nataka watu watazame. Wakati ule njia zilikuwa mbili: jeshi na magereza kwa upande mmoja, vyuo vya Marekani kwa upande mwingine. Njia ya tatu, nayo ndiyo mama yao, ilikuwa michezo ya shule, UMISSETA kwa sekondari. Sisi walimu tulikuwa tunawaona wakiwa watoto. Siku njia ya shule ilipodhoofika, hizo mbili zikakosa wa kuwapeleka. Msitafute mchawi wa riadha ya Tanzania mbali na uwanja wa shule ya msingi.

#29 Dada_wa_Mbulu
Shikamoo mwalimu. Niongeze la kwetu. Kaka yangu alipata barua ya chuo kimoja cha Marekani, mwishoni mwa miaka ya tisini, ufadhili kamili wa mbio. Alitakiwa vyeti vyake vipelekwe kabla ya tarehe fulani. Ofisi iliyopaswa kuvipeleka ikavikalia hadi tarehe ikapita. Leo analima vitunguu, na bado anawashinda vijana kupanda mlima. Kwa hiyo nikisoma kwamba kina Barie walifika kule, siulizi kwa nini El Paso. Nauliza ni nani aliyekuwa anawapelekea vyeti kwa wakati.

#30 Kipanga_Pwani
Pole sana dada.

#31 MamaRiadha
Pole dada #29. Swali lako ndilo swali hasa.

#32 Mzungusha_Saa
Kuna jambo moja wote mnalikwepa. Umri. Nyambui kazaliwa Februari 1953, taji lake la mwisho la mita 10,000 ni Juni 1982. Miaka 29! Anakimbia na watoto wa miaka 19. Wamarekani walilalamika sana kipindi kile, na NCAA ikaja kuweka kanuni ya kumhesabia mtu mashindano aliyofanya baada ya kufikisha miaka 20. El Paso ilifaidi kabla mlango haujabanwa. Jibu la swali ndilo hilo.

#33 Mwanamajita
#32 kwanza hakuvunja kanuni yoyote iliyokuwepo. Pili, hao watoto wa miaka 19 ni akina nani?

Februari 1981, New York, mashindano ya Millrose, ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden. Mita 5,000. Nyambui na Alberto Salazar, ambaye miezi michache kabla alikuwa ameshinda marathoni ya New York. Nyambui 13:20.4, rekodi ya dunia ya ndani. Salazar nyuma yake kwa rekodi ya Marekani. Hapo umri ulimsaidia nini?

Na baada ya chuo akahamia barabarani, akashinda marathoni ya Berlin 1987 na 1988, mji ukiwa bado umegawanywa na ukuta. Halafu akarudi nyumbani, akawahi kuwa Katibu Mkuu wa chama cha riadha. Mtu wa aina hiyo humpunguzi kwa tarehe ya kuzaliwa.

#34 Mzungusha_Saa
Simpunguzi, namheshimu. Nasema kwa nini El Paso na kwa nini wakati ule. Mtu aliyefika akiwa na miaka 25 alikuja akiwa ameshakomaa na mashindano makubwa. Kocha yeyote angemtaka.

#35 Mjomba_wa_Houston
Basi wote mngemtaka, kwa nini akaenda jangwani? Tunarudi palepale.

#36 Kilimani254
Tusiishie zamani. El Paso haijaacha. Emmanuel Korir, mita 800, alikuwa bingwa wa vyuo 2017 akiwa na UTEP. Akakaa msimu mmoja tu akageuka wa kulipwa. Dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, 1:45.06. Dhahabu ya dunia Eugene 2022. Na kabla yake Anthony Rotich alishinda viunzi na maji vya NCAA 2013, 2014, 2015, kama alivyofanya Munyala miaka 38 nyuma, mara tatu mfululizo.

Kocha aliyemlea Korir pale ni Paul Ereng, bingwa wa Olimpiki Seoul 1988 wa mita 800. Mzee wa UTEP.

#37 Takwimu_Tu
Ereng alikuwa kocha wa UTEP, ndiyo. Kusoma alisoma Virginia, na ubingwa wa vyuo 1988 na 1989 ni wa Virginia. Alikwenda pale akiwa mkimbiaji wa mita 400, akabadilishiwa mbio, na mwaka huohuo akawa bingwa wa Olimpiki.

Ila umenipa wazo. Ereng kuwa kocha kunaipa nguvu hoja ya MamaRiadha #23. Mkenya anamleta Mkenya.

#38 Kamba_Express
Na inaidhoofisha pia. Kina Korir ni Wakenya, Watanzania wako wapi? Kama ni jua, jua bado lipo. Kama ni jina la Nyambui, jina bado lipo kwenye vitabu vyao vya heshima. Hata kocha anayeongea Kiswahili walishakuwa naye. Majirani, mmekwama wapi?

#39 Chalinze_Mjanja
Hapo umetupiga pabaya jirani.

#40 Mwl_Mstaafu
Mjibuni kwa watoto, msimjibu kwa maneno. MamaRiadha #8, shule yako iko wilaya gani? Nina kiwanja karibu na shule mbili hapa kwetu na walimu vijana wawili wanaotaka kuanzisha nyika ya darasa la tano hadi la saba, watu saba kila timu, wahesabiwe watano. Nitumie pembeni jinsi unavyoandika zile karatasi za pointi.

#41 MamaRiadha
Nakutumia sasa hivi mwalimu. Ila vijijini msiwape kilomita nyingi, anzeni na mbili. Na wasichana wawe na timu yao, wasifanywe wasindikizaji.

#42 Dada_wa_Mbulu
Mkihitaji mtu wa kupima njia milimani, kaka yangu yupo. Anakuja.